Kwa mdogo wangu aliyepewa namba sita

Mdogo wangu,

Mama kaniambia unataka kuacha timu kwa sababu kocha amekutoa namba kumi, kiungo mshambuliaji, akakupanga namba sita, kiungo mkabaji. Eti kukaba ni kazi ya wasiojua mpira. Kabla hujarudisha jezi, nikusimulie habari za Gennaro Gattuso, kiungo mkabaji wa Italia.

Alizaliwa mwaka 1978 Corigliano Calabro, kusini mwa Italia. Mwaka 1997, bado kijana wa miaka 19, aliondoka Perugia kwenda kuchezea Rangers ya Scotland. Alipokuja kocha mpya, Dick Advocaat, akamtaka acheze beki wa kulia. Gattuso akagoma, akarudi Italia kuchezea Salernitana, na timu ikashuka daraja. Hata hivyo AC Milan wakamchukua mwaka 1999. Kwa hiyo naye aliwahi kukataa namba, ila alichokuwa anakidai ni hichohicho unachokikimbia wewe: kukata umeme, yaani kuzima mashambulizi ya wapinzani, pale katikati.

Milan alicheza mechi 468, akafunga mabao 11 tu. Tafuta nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2007 dhidi ya Manchester United, San Siro, uwanja wa Milan, mvua inanyesha. Usiufuate mpira, mfuate yeye. Cristiano Ronaldo akipokea tu, Gattuso kashafika, magoti kayakunja, hampi nafasi ya kugeuka. Akiupata mpira hana mbwembwe: pasi fupi kwa kiungo mwenzake Pirlo, halafu anakimbia kuziba pengo jingine. Pirlo alipata muda wa kuinua kichwa na kupima pasi zake kwa sababu kuna mtu alishamsafishia njia. Milan walishinda 3-0, kisha wakaifunga Liverpool 2-1 kwenye fainali pale Athens. Liverpool ileile iliyowarudishia mabao matatu ndani ya dakika sita kwenye fainali ya Istanbul mwaka 2005 na kubeba kombe kwa penalti. Usiku ule wa San Siro wengi humsifu Kaká, kiungo mshambuliaji wa Milan, na anastahili, lakini kwangu mimi mechi ile ilikuwa ya Gattuso.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 2006, Berlin, alicheza dakika zote 120 dhidi ya Ufaransa.

Hasira zake usiige. Februari 2011 alimpiga kichwa Joe Jordan, msaidizi wa kocha wa Tottenham, akafungiwa mechi tano. Lilikuwa kosa la aibu, tena akiwa nahodha siku hiyo.

Mwaka huohuo maradhi ya misuli ya macho yakamshika, akawa anaona kitu kimoja kama viwili. Alikaa nje miezi kadhaa, akatibiwa, akarudi uwanjani kabla ya kuagana na Milan mwaka 2012. Baadaye akawa kocha, na mwaka 2020 akaipa Napoli kombe la Coppa Italia.

Jumamosi ingia uwanjani na hiyo namba sita. Ukitoka nipigie, sitakuuliza umefunga mangapi, nitakuuliza namba kumi wao aligusa mpira mara ngapi.

Dada yako.