Mgombea wangu ameshinda, msimwonee haya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze yaliyonipata tangu usiku ule mgombea wa urais niliyempigia kura alipotangazwa mshindi. Nimeshiriki chaguzi tano maishani mwangu, na katika zote nne za mwanzo nilikuwa upande wa walioshindwa, hata nikazoea kulala mapema siku ya matokeo.

Safari hii sikulala. Msimamizi wa uchaguzi aliposoma hesabu ya mwisho redioni, sikupiga kelele wala sikutoka nje kushangilia na wenzangu, bali nilibaki nimekaa nikikitazama kidole changu chenye wino. Nilimkumbuka marehemu mama yangu, ambaye alimpigia kura mgombea huyu mara mbili, wakati ambapo hata watu wa chama chake mwenyewe walikuwa wakimshauri apumzike awaachie wengine, na ambaye hakujaliwa kuiona siku hii. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kulisema hilo.

Asubuhi yake jirani yangu, aliyekuwa wakala wa mgombea mwingine na ambaye usiku kucha alikuwa kituoni akihesabiwa kura za kushindwa, alinikuta mlangoni akanipa mkono na kunipongeza. Nilijua uzito wa mkono ule, kwa sababu katika chaguzi nne nilizoshindwa mimi sikuwahi kumpa mtu wangu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na nimeyarudia maneno hayo mara nyingi nikiwalenga viongozi. Nilimsifu sana Rais Goodluck Jonathan wa Nigeria mwaka 2015, alipompigia simu mpinzani wake Muhammadu Buhari kumpongeza kwa kumshinda hata kabla matokeo yote hayajatangazwa, lakini sikufikiri kwamba mpiga kura naye anadaiwa jambo hilohilo na mwenzake wa nyumba ya pili.

Hata hivyo, Mhariri, lililonisukuma kushika kalamu ni jingine. Katika kampeni mgombea wetu aliahidi baraza dogo la mawaziri, na nilikuwapo uwanjani alipolisema, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Orodha ilipotoka, baraza lilikuwa kubwa kuliko la mtangulizi wake. Angekuwa ni yule mtangulizi, siku hiyohiyo ningekuwa nimekuandikia barua kali, kama nilivyokuandikia huko nyuma. Badala yake nilijikuta mezani nikiwaeleza watu wa nyumbani kwamba ndiyo kwanza ameingia, kwamba walioungana naye lazima wapate chochote, kwamba nchi haiongozwi kwa maneno ya jukwaani. Binti yangu, ambaye safari hii alipiga kura kwa mara ya kwanza, aliniuliza kwa upole: "Baba, angeyafanya haya yule mwingine, ungesemaje?"

Sikuwa na jibu, na swali lile halijaniacha. Naona sasa kwamba wanaomkosoa kiongozi kwa sababu hawakumpigia kura ni rahisi kuwapuuza, kwani yeye na wapambe wake watasema ni uchungu wa kushindwa. Sisi tuliompa kura ndio asioweza kutujibu hivyo, na ndio hasa tulionyamaza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wanaomsifu mgema huyu ni sisi. Mwaka 1993, wakati chama chake cha ANC huko Afrika Kusini kilikuwa bado hakijashika madaraka, Nelson Mandela aliwaambia wafanyakazi wa COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kwamba iwapo serikali ya ANC itawatendea kama walivyotendewa na utawala wa ubaguzi, basi nao waitendee kama walivyoutendea utawala huo. Alikuwa akiwaambia wafuasi wake mwenyewe.

Sijutii kura yangu. Uchaguzi ukirudiwa kesho nitapanga foleni alfajiri na kumpigia tena, maana naamini bado ana nia njema na uwezo wa kuitimiza. Ndiyo sababu ninaliomba gazeti lako lisimwonee haya kwa kuwa watu wengi tunampenda. Ilani yake ninayo, imechapwa na kutiwa saini yake. Naomba muichapishe upya, ahadi moja baada ya nyingine, na kila baada ya miezi michache mtueleze ipi imetekelezwa, ipi imeanza na ipi imeachwa njiani, mkianza na hili la baraza la mawaziri.

Na kama siku moja utapokea barua yangu nikilalamika kwamba gazeti lako linamwonea rais wetu, tafadhali usiichapishe kabla hujanirudishia hii niisome.

Wako mtiifu,
Mpiga kura
(Jina na anwani vimehifadhiwa na mhariri)