Kwa nini Mzee ameambiwa asubiri siku saba

Rehema ndugu yangu,

Barua yako nimeipata. Pole kwa kuuguza. Unauliza kwa nini daktari amemsimamishia Mzee aspirini siku saba kabla ya upasuaji, ilhali dawa yenyewe haimalizi hata siku moja mwilini. Umenigusa penyewe, maana ndiyo kazi ninayoshinda nayo maabara.

Jana niliweka damu kwenye mrija mtupu wa kioo, nikautumbukiza katika maji ya nyuzi 37. Ikaganda, ukiinamisha mrija, haimwagiki. Niliporudi baadaye, donge lilikuwa limejikunyata, limebanduka ukutani, limezungukwa na maji ya manjano. Nimeliona mara nyingi, na bado huwa nasimama kulitazama. Aliyelikamua ni chembe sahani, vile vichembe vya damu vinavyoisaidia kuganda.

Hebu fikiria udogo wake: upana wa mikromita 2 hadi 3. Ikitulia ina umbo la kisahani, na ukingoni imezungukwa na pete ya vijirija vya protini, kama ukingo unaoshika ungo. Mshipa ukikatika, thrombini, ambayo ni kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini), hukata ncha ya kipokezi, yaani protini ya kupokea ishara, kilicho juu ya utando wa chembe, na ncha mpya inayojitokeza ndiyo inayokiamsha kipokezi hicho hicho. Ndani, kimeng'enya kingine, fosfolipasi C, hupasua mafuta ya utando vipande viwili. Kimoja huenda kufungulia ghala la kalsiamu. Hapo kiunzi chote kinachoipa chembe umbo hubadilika. Nyuzi zake za protini iitwayo aktini zilizokuwepo hukatwakatwa, mpya husukwa, kisahani huvimba na kuota miiba. Kalsiamu hiyo hiyo huamsha kimeng'enya kinachoibandika mayosini fosfeti, nayo mayosini huanza kuvuta aktini, protini za jamii moja na zile zinazokunja msuli wa mkono wako. Kwa nje chembe imeshikilia nyuzi za fibrini, protini inayosuka donge, kwa hiyo ikijivuta, donge zima linavutwa nayo.

Sasa aspirini. Chembe iliyoamka huziita nyingine kwa kemikali iitwayo thromboksani, inayotengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho siklooksijenesi. Aspirini hukifunga kimeng'enya hicho moja kwa moja, hakifunguki tena. Seli nyingine ingetengeneza kingine, lakini chembe sahani haina kiini, haina pa kuchukua maagizo. Itabaki hivyo hadi ife, na huishi siku 7 hadi 10. Kila siku uboho huleta mpya, takriban sehemu moja ya kumi. Ndizo anazozisubiri Mzee.

Tafadhali, asirudie dawa kwa maneno ya jirani, wala wewe usimwongezee siku. Muulizeni daktari lini aanze tena, mkaiandike tarehe. Niambie siku ya upasuaji niombe ruhusa kazini. Nitakuja tukeshe wote.

Nisalimie Mama.

Wako,
Neema