Turudishieni japo saa moja ya kuchagua nyimbo redioni

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, kibaraza changu kiko jirani na soko la Chifu Kingalu, redio naiwasha saa moja asubuhi nikifungua na naizima jioni nikifunika cherehani. Kwahiyo naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu redio, maana ndo mwenzangu wa kazi kwa zaidi ya miaka ishirini saivi.

Shida yangu ni kwamba msikilizaji siku hizi hachagui wimbo. Anaulizwa vizuri tu "unataka kusikia ngoma gani", anatoa hela yake anatuma meseji, jina lake linasomwa mpaka na mtaa anaokaa, afu unapigwa wimbo mwingine kabisa, tena ule ule uliopigwa saa mbili asubuhi na saa tano na ambao utapigwa tena saa kumi. Wiki iliyopita nilikuwa nashona sare za shule nikaamua kuhesabu, kila wimbo fulani ukipigwa natia kifungo kimoja cha shati kwenye kikopo. Nafunga kazi jioni kikopo kina vifungo saba. Wimbo mmoja, redio moja, siku moja. Na wimbo wenyewe mzuri, kijana kaimba kwa kweli, ila mara saba jamani mpaka mtoto wa jirani wa miaka mitatu anauimba wote na hajui hata maana ya anachokiimba.

Kilichonifanya niandike ni mama yangu. Mama ana miaka sabini na kitu, anakaa Mwembesongo, macho yamepungua nguvu kwahiyo tv haimsaidii, kilichobaki ni redio. Yeye na marehemu baba walikutana kwenye dansi miaka ya sabini mwanzoni, baba alikuwa anafanya kazi reli, na bendi iliyokuwa inapiga usiku huo ni Cuban Marimba ya hapa hapa Morogoro. Salum Abdallah mwenyewe aliyeianzisha alishafariki 1965, bendi ikawa chini ya Juma Kilaza, na kuna wimbo mmoja wa Kilaza ambao mama akiusikia anaacha anachofanya. Kama anachambua mchele anaweka ungo chini. Hacheki wala halii, anatulia tu mpaka uishe, afu anaendelea na mchele wake.

Mwezi uliopita ulikuwa mwezi aliofariki baba. Nikasema ngoja nimfanyie mama kitu, nimuombee wimbo ule kwenye kipindi cha Jumapili ambacho kinajiita cha msikilizaji. Jina la redio silitaji. Nikatuma meseji, nikakatwa hela, kimya. Jumapili ya pili nikatuma tena, nikakatwa, kimya. Ya tatu nikaenda kabisa kukaa nae, nimenunua betri mpya, tumekaa ukumbini redio iko juu ya stuli, mtangazaji akasoma meseji yangu neno kwa neno, "mama yetu wa Mwembesongo Morogoro, mwanao fundi anakusalimia anakwambia anakupenda sana". Mama akaniangalia akatabasamu akasogeza kiti. Afu ukapigwa ule wimbo wa kwenye kikopo. Mama akasema "huenda wamechanganya, ngoja". Tukangoja mpaka taarifa ya habari ikaingia.

Sasa nina mtoto wa dada yangu, amesomea utangazaji, alifanya fildi kwenye kituo kimoja cha redio (sio hicho cha mama, na jina nalo siliweki). Nikamuuliza hivi inakuwaje. Akanieleza kitu ambacho nadhani wasikilizaji wengi hawakijui. Anasema pale studio nyimbo zote zinapangwa kwenye kompyuta tangu jana yake, wimbo huu dakika hii, tangazo hapa, wimbo ule pale, siku nzima. Zile zinazovuma zimewekwa fungu lake zinazunguka kila baada ya masaa machache, za zamani kidogo zina fungu lake zinajitokeza mara chache, na zilipendwa nyingi hata kwenye kompyuta hazimo. Mtangazaji akikaa pale anakuta foleni imeshapangwa. Meseji anaisoma kweli, ila kuubadilisha wimbo hana ruhusa, au anaruhusiwa mmoja kwa kipindi kizima. Kwahiyo yule dada wa Jumapili simlaumu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaanisha kumsalimia mama. Kosa liko kwa wanaotwambia tuchague wakati vitu vimeshachaguliwa.

Na mi naelewa kwamba redio ni biashara, matangazo ndo yanalipa umeme na mishahara, na watu wengi wakiwasha redio wanataka kusikia kinachovuma. Sawa. Ila kama wimbo umeshapangwa, msituombe meseji za hela. Hapo ndo panaponiuma.

Wadogo zangu wa siku hizi wanaweza wasijue tulikotoka. Huku bara mpaka mwaka 1993 sheria ilipobadilika kuruhusu redio za watu binafsi, tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake, RTD, na wakati huo kuomba wimbo ilikuwa ni kazi kweli kweli. Unaandika kadi, unaweka majina ya watu wako, shangazi Kilosa, mjomba Ifakara, rafiki yangu aliyeko jeshini popote alipo, unaandika ujumbe, unaandika na wimbo, unapeleka posta. Inaweza kupita mwezi. Siku ukisikia jina lako nyumba nzima inapiga kelele, na majirani nao wanakuja mlangoni "tumewasikia, tumewasikia". Kaka yangu mkubwa alikuwa mtuma salamu hodari, ana jina lake la kujipachika ambalo mpaka leo kuna watu hapa mjini wanamuita hilo na la nyumbani hawalijui. Watuma salamu walikuja kuwa na vikundi, wanajuana mikoani, wanatembeleana, mmoja akifiwa wanachanga, na wengine walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso, wanajuana majina ya redioni tu.

Nakumbuka pia kile kipindi cha Ugua Pole, cha kuwasalimia wagonjwa mahospitalini. Mama mdogo alilazwa nikiwa darasa la tatu au la nne hivi. Kwenye wodi kulikuwa na redio ya National ya mgonjwa mmoja imewekwa dirishani, aerio imefungwa waya mpaka kwenye nondo ili ishike vizuri. Siku moja salamu zetu zikasomwa na wimbo tuliouomba ukapigwa. Mama mdogo aliyekuwa hata uji hataki aliinuka akaegemea mto, akamwambia wa kitanda cha pili "hao ni wanangu". Wodi nzima ikawa inasikiliza wimbo wake.

Sisemi zamani kila kitu kilikuwa sawa. RTD nao walikuwa na nyimbo wanazozikataa, Remmy Ongala aliimba kuhusu ukimwi na kondomu mwanzoni mwa miaka ya tisini wimbo ukanyimwa nafasi hewani, watu wakaucheza kwenye kumbi na kuununua kwenye kanda. Na ukiikosa RTD huna pa kwenda, wakati saivi nchi ina vituo vya redio zaidi ya 200. Hicho ndo kinachonishangaza sasa, vituo vyote hivyo, unazungusha kitufe kutoka mwanzo mpaka mwisho unakutana na nyimbo zile zile kumi na tano, wa huku anaumaliza wa kule ndo anauanza.

Watu wananiambia fundi acha kujisumbua, ingia YouTube kila kitu kipo. Kweli vingine vipo, na bando ninalo siku moja moja. Nilishawahi kumuwekea mama ule wimbo kwenye simu yangu. Aliusikiliza, akasema asante baba. Ila haikuwa kile nilichokitaka. Wimbo wa simu unausikia wewe na mwanao ndani ya chumba. Wimbo wa redio ukipigwa unajua na dada yako kule Kilosa anausikia saa hiyo hiyo, na yule mliyecheza nae dansi miaka hamsini iliyopita kama yupo hai nae anausikia huko aliko, na mtu mwingine kabisa ametaja jina lako mbele ya nchi nzima. Afu kuna wazee wangapi wana smatifoni? Mama yangu ana kitochi, redio imo humo humo, na hicho kitochi ndo anachoweza kukitumia bila kumuita mjukuu.

Kuna na jambo la hela ambalo naona halisemwi. Januari 2022 Cosota, ile ofisi ya serikali ya hakimiliki, waligawa mirabaha kwa wasanii ambao nyimbo zao zimepigwa redioni na kwenye tv, na hesabu inafuata nani kapigwa. Nilifurahi siku ile kwa sababu nikawafikiria wanamuziki wa zamani na familia zao. Lakini kama kinachopigwa ni nyimbo kumi na tano, mirabaha itaenda kwa hao hao kumi na tano. Mtoto wa mwanamuziki wa Tabora Jazz au Western Jazz au Vijana Jazz anapata nini kama wimbo wa baba yake haupigwi mwaka mzima? Msikilizaji akiruhusiwa kuchagua kwa kweli, na hizo nyimbo zitatoka kabatini, kwa sababu wanaozitaka wapo na wanatuma meseji kila siku, ni vile hawasikilizwi. Na sio zilipendwa tu, kuna vijana hapa hapa Moro wanarekodi kwenye vistudio vya mtaani, wanakuja kibarazani kwangu kushona nguo za kupigia video, nyimbo nzuri, wakizipeleka redioni hazipigwi. Wanasema bila kutoa kitu hupigwi. Mi sina ushahidi wa hilo kwahiyo siwezi kulishikilia, ninachojua ni kwamba nyimbo zao hazisikiki, na wakiombewa na watu wa mtaani kwao bado hazisikiki.

Kwa sisi wa Morogoro hili lina uchungu wake. Huu ni mji wa Salum Abdallah, na ni mji wa mpiga gita Mbaraka Mwinshehe na bendi yake ya Morogoro Jazz waliokwenda mpaka Osaka Japani kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970 kuiwakilisha nchi. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979 akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu, na wazee hapa wanakwambia mji ulivyokuwa siku habari zilipofika. Leo unaweza kukaa Msamvu stendi kutwa nzima, kila duka lina redio, na usisikie hata wimbo mmoja wa hao watu. Mtoto aliyezaliwa Mji Mpya anakua hajui kwamba mtaani kwao kulikuwa na bendi.

Ombi langu kwa wenye vituo vya redio ni dogo. Tupeni saa moja kwa wiki, moja tu, Jumapili mchana wakati watu wako nyumbani, ambayo kompyuta inazimwa na mtangazaji anakaa na meseji na simu za watu. Mtu akiomba wimbo upigwe huo huo. Kama hamna, mtangazaji aseme hewani "huu hatuna, mwenye nao atuletee", na nawahakikishia utaletwa, kuna wazee hapa wana kanda na santuri wamezifunga kwenye magunia wanaogopa tu nani atazijali. Kama meseji inalipiwa basi isiwe ya bahati nasibu, ukishindwa kuupiga wimbo useme. Na wenye redio za serikali ambao wamerithi mikanda ile ya RTD iliyorekodiwa pale Barabara ya Pugu, Dar, bendi karibu zote za nchi hii zilipita pale, nao watusaidie kuitoa itumike, maana ile mikanda inazeeka na kukaa kabatini haitusaidii kitu.

Mama hajauliza tena habari ya wimbo. Ila Jumapili naona bado anaiwasha redio saa ile ile ya kipindi, anaiweka kwenye stuli, anakaa. Meseji ya nne nimeshaiandika, iko kwenye simu sijaituma. Kituo chochote kitakachotangaza kwamba hiyo saa moja imeanza, naituma hapo hapo.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani, Morogoro