Barua kwa mdogo wangu anayeanza kufundisha watoto kuchora

Mdogo wangu mpendwa,

Uliponiambia Jumamosi hii unaanza kufundisha uchoraji pale uani, watoto 18, mkubwa ana miaka 16 na mdogo bado anasindikizwa chooni, nilifurahi, kisha nikakosa usingizi. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Kuna kosa langu moja sitaki ulirudie. Mtoto wa miaka minne alimchora bibi yake: duara kubwa, macho mawili, miguu ikitokea kichwani. Nikachukua penseli yake nikaongeza shingo na kiwiliwili. Akaitazama karatasi, akaisogeza kwangu taratibu, akasema, "Hii yako." Hakuchora mtu tena mbele yangu. Baadaye nikaja kujua kwamba kuchora mtu wa kichwa na miguu ni hatua ya kawaida kabisa kwa watoto wa miaka mitatu, minne. Kiwiliwili huja chenyewe, ukisubiri.

Kwa hiyo hao wadogo wape mkaa, chaki, karatasi kubwa, na mkeka. Usiwaulize "hiki ni nini?" Sema "nihadithie." Akifika miaka sita au saba atachora mstari wa ardhi chini na mbingu juu, na anayempenda atakuwa mkubwa kuliko nyumba. Mwache.

Kazi ipo kwa wa miaka kumi hadi kumi na tatu. Hapo ndipo wengi huacha. Mtoto ameanza kuona kuwa mchoro wake haufanani na kitu chenyewe, anafuta mpaka karatasi inatoboka, halafu anasema, "Mimi sijui kuchora." Ukimwambia "umechora vizuri" hatakuamini, na ana haki. Huyo hahitaji sifa, anahitaji kufundishwa kutazama. Weka birika kwenye kigoda. Mwambie asichore birika. Achore ule uwazi ulio kati ya mkono wa birika na kifuniko, umbo lile la hewa tu. Kisha uwazi kati ya mdomo na tumbo. Utamwona anatulia, jicho linapanda na kushuka, na akimaliza, birika limejitokeza lenyewe. Nimeona mvulana akilishika karatasi lake kwa mikono miwili kama anaogopa litamwagika.

Wakubwa wanataka kazi yenye maana nje ya uani. Wasimulie habari za Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa wanyama aliyetoka upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za dukani juu ya hardboard, zile mbao nyembamba za kushindiliwa, akauza picha zake Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa zake aliowafundisha wakaendelea, kila mmoja akianzia kuiga. Kwa hiyo kijana akiiga, usimkemee. Mwache aige mara tatu, ya nne mwambie abadilishe mnyama, awe paka wa kwao.

Na usiwape wakubwa kazi ya kuwasahihisha wadogo. Wawachanganyie rangi tu.

Nitakuja na birika langu jeusi. Wewe tafuta kigoda, na umwombe mama vile vifuniko vya ndoo, tutachanganyia rangi humo.

Dada yako