Tuachieni daraja kuukuu la reli tulipite kwa miguu

Mhariri,

Mwezi huu wamekuja watu mara mbili na futi zao kulipima daraja kuukuu la chuma la kijijini kwetu, karibu na Muhoroni. Fununu ni kwamba litakatwa liuzwe kwa kilo. Naandika kabla moto wa gesi haujawashwa.

Treni iliacha kulipita zamani, ila sisi hatujaacha. Mama anayewahi soko hujitwika kikapu, akavua ndara na kuzishika mkononi, kwa kuwa taruma likilowa umande huteleza, na kati ya taruma na taruma unayaona maji yakienda kasi huko chini. Watoto wa shule hufunzwa na kaka zao wahesabu mataruma, wasitazame mto. Nami nilivuka hivyo hivyo, nikihesabu kwa sauti. Mvua ya masika ikizidi, kivuko cha mawe hufunikwa, na hapo hatuna pengine pa kupita.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, kuteremka kutoka Mau hadi ziwani kulihitaji madaraja marefu 27 ya chuma, kazi iliyofanywa na American Bridge Company ya Marekani. Na huko huko Marekani, mjini Poughkeepsie, kuna daraja la reli lililofunguliwa mwaka wa 1889, likaungua mwaka wa 1974 na kutelekezwa. Wenyeji walilipigania. Likatandikwa sakafu ya zege, likawekwa vyuma vya kushikilia, na tangu Oktoba 2009 watu wanatembea juu ya mto Hudson zaidi ya kilomita mbili. Letu halifiki hata mita mia!

Hatuombi makubwa. Aje mhandisi akague nguzo na ribiti, kisha zitandikwe mbao ngumu na mafundi wa kuchomea waweke kingo pande zote mbili. Vijana wa kubeba mbao tunao. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa kwa sababu mali ya umma ilikuwa ikikatwa na kuuzwa. Sasa iweje daraja linalovusha watu kila siku liuzwe mchana kweupe?

Wenye futi wakirudi, nawasihi waje saa kumi na mbili asubuhi, wasimame pale ukingoni, wahesabu wanaopita.

Msomaji wako,
Muhoroni, Kaunti ya Kisumu