Barua kwa mwanangu: Fedha ya vitabu imetoka wapi?

Old Moshi, Jumapili baada ya ibada

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na insha yako ya masomo ya Wales, ile ya Gladstone na vitabu vyake, nimeisoma yote. Kabla ya insha kuna jambo.

Alhamisi usiku tumeshazima taa, simu ikaita. Kijana nisiyemjua akataja majina yako yote matatu, akasema wewe umeniandika mimi kuwa mdhamini, na kwamba usipolipa kufikia kesho watamtumia ujumbe kila mtu aliyemo kwenye simu yako, mchungaji akiwemo. Nikamuuliza deni la nini. Akasema hayo nikuulize wewe. Kaka yako nilipombana alizunguka weee, mwisho akasema ni vitabu: kuna mzee Dar es Salaam amefariki, wanawe wakauza maktaba yake, ukabeba maboksi. Na hela ulichukua kwenye hii mikopo ya simu, hii kausha damu.

Basi nauliza, na nitauliza tena kabla karatasi haijaisha: fedha ya vitabu imetoka wapi?

Usidhani nimegeuka kuwa adui wa vitabu. Habari ya yule ng'ombe na zile juzuu nyekundu unaijua, mama yako huikumbusha kila Krismasi, tuiache.

Sasa insha. Umeandika vizuri, nilisema hivyo hata mbele ya shangazi yako ambaye hapendi nikusifu. Watu wengi wangeanza na kwamba William Gladstone alikuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne, wakataja Ireland, wakafunga. Wewe umeanza na toroli. Mzee amepita miaka 80, anasukuma vitabu vyake kutoka kwenye jumba la Hawarden, huko huko Wales, hadi kwenye jengo la mabati alilolijenga kijijini, binti yake Mary na mtumishi wake wakimsaidia, vitabu kama 32,000, na vingi alivipanga kwenye rafu kwa mikono yake. Halafu anaweka pauni 40,000 ili maktaba ijiendeshe akiwa hayupo. Na lile neno alilolisimulia Mary, kwamba baba yake alitaka kuwakutanisha wasomaji wasio na vitabu na vitabu visivyo na wasomaji, umeliweka mahali pake hasa. Nilimsomea mama yako. Akauliza, hakuwa na vijana wa kazi? Nikamwambia alikuwa nao. Akasema basi alikuwa anapenda.

Ila ukurasa wa pili nilichukua kalamu nyekundu. Umeandika: "Alizaliwa Liverpool mwaka 1809 katika familia ya wafanyabiashara." Wafanyabiashara wa nini, mwanangu? Mwalimu wa historia amekulea, unaandika sentensi kama hiyo? Baba yake, John Gladstone, alikuwa na mashamba ya miwa Demerara, ambayo leo ni sehemu ya Guyana, na mengine Jamaica, na waliolima walikuwa watumwa. Maasi makubwa ya Demerara ya mwaka 1823 yalianzia kwenye shamba lake, lililoitwa Success. Utumwa ulipofutwa serikali ilitoa fidia, na fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Aliyelimishwa hakupata hata shilingi. Mzee John alichukua zaidi ya pauni 100,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 2,500, akawa miongoni mwa waliolipwa fungu kubwa kabisa, kisha mwaka 1838 akaanza kuleta vibarua wa mkataba kutoka India.

Na huyo William, kijana wako wa vitabu? Alichaguliwa kuingia bungeni Desemba 1832. Juni 1833 akasimama kutoa hotuba yake kubwa ya kwanza, na ilikuwa ya kumtetea baba yake na mashamba yake. Haya yote yameandikwa, wala hayajafichwa. Mwaka 2023 wajukuu wa ukoo huo walisafiri hadi Guyana wakaomba radhi hadharani. Wao wameweza kulitaja jina la Demerara, wewe kwenye kurasa zako nne hulitaji hata mara moja. Shule ya Eton, chuo cha Oxford, alama za juu katika masomo ya Kigiriki na Kilatini na tena katika hesabu, utulivu wa kusoma asubuhi hadi usiku, vyote hivyo vilikuwa na mlipaji. Sisemi umchukie. Nasema andika nani alilipa.

Maana unakwenda kukaa humo ndani. Umeniambia likizo utalala pale pale maktabani, wana vyumba vya wageni. Utamshika mtu huyu kwa mikono, utaona alama zake za penseli pembeni mwa kurasa, pale alipokubali na pale alipokataa kwa kuandika "ma", yaani "lakini" kwa Kiitaliano. Nenda nawe ukiwa na "lakini" yako.

Na hukuandika yanayotuhusu. Serikali yake ya kwanza ndiyo iliyomtuma mjumbe Bartle Frere Zanzibar kumbana Sultani Barghash, na Juni 1873 soko la watumwa pale Mkunazini likafungwa kwa mkataba, manowari zikiwa tayari kuzingira kisiwa. Mtoto wa John Gladstone wa Demerara! Ukinitafutia mahali pa kuanzia insha nyingine, anzia hapo, acha toroli ipumzike.

Halafu mlima. Hili nimelicheka peke yangu hadi mama yako akaja kuangalia. Mwaka 1884 Harry Johnston alipanda huku kwetu kwa jina la kukusanya mimea na wanyama, akakaa kwa Mangi Rindi, hapa hapa unapopajua, akaandika London kuwashawishi wauchukue mlima. Mawaziri kadhaa wakaona sawa. Gladstone akagoma. Desemba mwaka huo akamwandikia waziri mwenzake Charles Dilke kwamba anashangaa watu wenye akili timamu wamebuni mpango juu ya nchi ya milima iliyo nyuma ya Zanzibar yenye jina lisilokumbukika. Lisilokumbukika! Mtu aliyemsoma mshairi Homer kwa Kigiriki na kutoa juzuu tatu juu yake mwaka 1858, Kilimanjaro imemshinda ulimi. Siku hizo hizo Carl Peters alikuwa Usagara akikusanya mikataba, na mwezi wa pili 1885 Mjerumani akajitangazia ulinzi. Wajerumani walivyomnyonga Mangi Meli baadaye huhitaji kuambiwa na mimi. Je, tungekuwa tofauti kama angelikumbuka jina? Nimelifundisha somo hilo miaka yote na bado sina jibu linaloniridhisha, ila nadhani tungeandikiana barua hizi hizi.

Nilikuwa nasema nini. Deni.

Umemsifu kwa ubahili wake na fedha za umma, na ni kweli, alikuwa waziri wa fedha mara nne na alihesabu hata karatasi za ofisini. Lakini ulijua kwamba somo la deni alilipata nyumbani kwa mkewe? Hawarden haikuwa ya kwao. Ilikuwa ya akina Glynne, ukoo wa mkewe Catherine, na shemeji yake Stephen aliingia katika kiwanda cha chuma na matofali kilichoitwa Oak Farm. Mwaka 1847 kikafilisika, shamba lote la Hawarden likaning'inia. Gladstone alitumia miaka mingi na fedha nyingi, ya baba yake ikiwemo, kulikomboa. (Umeona fedha hiyo inavyorudi kila mahali?) Mwaka 1875, alipokuwa amejiuzulu uongozi wa chama, aliuza nyumba yake ya London na vyombo vyake vya kaure alivyokusanya. Vitabu aliviacha, naona. Lakini aliuza kitu alichokuwa nacho, hakupiga simu kwa mtu asiyemjua saa tano usiku kuomba mkopo wa riba ya asilimia thelathini.

Na kama wataka kujua wakopeshaji hufanya nini, soma Misri. Khedive, mtawala wa huko, alikopa hadi nchi ikawa ya wadai. Mwaka 1882 manowari za Uingereza zikaipiga Alexandria na askari wakashuka, waziri mkuu akiwa Gladstone huyo huyo aliyewahubiria wenzake juu ya tamaa ya makoloni. Waliochunguza shajara na hesabu zake wamekuta zaidi ya theluthi moja ya akiba yake ilikuwa kwenye hati za mkopo wa Misri. Nawe unaniambia hao wa kwenye simu watasubiri?

Kuna jambo moja hukuligusa na limenisikitisha, kwa sababu ndilo zuri kuliko toroli. Kodi ya karatasi. Zamani zile kila karatasi Uingereza ilitozwa, kwa hiyo gazeti na kitabu vilikuwa vya mwenye uwezo. Mwaka 1860 alitaka kuifuta, baraza la mabwana, lile la juu bungeni, likakataa. Mwaka uliofuata akaifungia ndani ya muswada mmoja na bajeti nzima, wakabaki kuchagua: kupitisha yote au kuangusha yote. Wakapitisha. Fundi huyo. Baada ya hapo fukara akanunua gazeti. Mimi ningempa maksi kwa hilo kabla ya vitabu vyake 32,000, maana hivyo ni vyake.

Ile makala yake ya 1890 kuhusu kutunza vitabu umesema umeisoma. Sasa kwa nini hukuisikia? Anasema wazi kwamba bei ya kununua ni malipo ya kwanza tu. Kitabu lazima kiingie kabatini, kabati liingie nyumbani, nyumba itunzwe, vumbi lifutwe, vipangwe, orodha iandikwe. Akapiga hesabu ya rafu zinazotoka ukutani kuingia katikati ya chumba, vitabu pande zote mbili, dirisha katikati, chumba kimoja kikameza vitabu kwa maelfu. Yeye hakuwa na mchwa. Sisi tunao, na sasa kaka yako ananiambia unataka maboksi yaje huku ukiwa Wales. Chumba cha kaka yako cha zamani bati limetoboka upande wa mgombani, mvua za vuli zikianza ndoo moja haitoshi. Rafu nitazitengenezaje? Fundi tuliyekuwa naye amehamia Arusha, na mbao siku hizi usiulize bei.

Lingine: ufadhili umetoka, nashukuru Mungu, nilitangaza hadi kwenye zamu ya mfereji na watu wakanipa mkono kana kwamba mimi ndiye ninayekwenda. Lakini ufadhili ni wa ada na chakula. Maduka ya vitabu vya mtumba yako huko tele, na nakufahamu. Ukiona kitabu, kiache rafuni siku mbili. Ukikirudia bado unakitaka, uliza fedha ya kununulia imetoka wapi. Ikiwa ni posho ya chakula, kiache. Ikiwa ni ya mtu, kiache. Koti nunua, koti usilibanie, kifua chako tunakijua.

Malipo ya pili ya kahawa yametoka kwenye chama cha msingi. Nimetuma kiasi kwa kaka yako, sikutuma kwako, na usininunie. Kesho asubuhi aende na wewe kwa wakala, mlipe mbele yake, mpige picha risiti, kisha ufute hiyo programu kwenye simu akiona. Aliyenipigia nilimjibu vibaya kidogo, naona aibu, kijana wa watu yuko kazini. Lakini mchungaji asipate huo ujumbe.

Insha irudie ukurasa wa pili. Weka Demerara, weka kodi ya karatasi, mlima ukikosa nafasi basi, ingawa ningependa hao wa Hawarden wajue kwamba jina linakumbukika. Ukishamaliza niletee niipitie kabla hujaituma.

Mama yako anasema mguu unamsumbua asubuhi tu, usimpe mtu habari ya hospitali. Anauliza kama unga wa ndizi unaruhusiwa kwenye ndege. Mdogo wako hajarudi shule, kuna mchango wa madawati. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu.

Ukipanda wiki ijayo kuaga, pitia mjini uniletee dawa ya mchwa, ile ya kopo kubwa, na misumari ya bati robo kilo. Maboksi yakifika kabla ya dawa siyapokei.

Baba yako