Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Tabianchi: hesabu za mataifa zina matundu

Kwako Mheshimiwa Simon Stiell,
Katibu Mtendaji, Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linamhusu kila mtu, na kwa sababu ofisi yako ndiyo inayopokea kutoka kwa mataifa hesabu za gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani.

Tarehe 1 Julai 2024 Kimbunga Beryl kilipiga Carriacou, kisiwa chako cha nyumbani huko Grenada, na kubomoa sehemu kubwa kabisa ya makazi. Grenada ni nchi ndogo. Moshi wake hauonekani hata ukiutafuta katika hesabu za dunia. Kwa hiyo sina haja ya kukueleza ni nani anayelipa. Ninachotaka tukizungumze ni jinsi wanaochafua wanavyojiandikia deni dogo kuliko lile wanalodaiwa.

Chini ya Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015, yanayolenga kuzuia joto la dunia lisizidi kupanda, kila taifa hujipangia lengo lake na kujiandikia ripoti yake. Sina ugomvi na nchi kujipangia malengo. Bila hivyo huenda makubaliano yasingepatikana kabisa. Ugomvi wangu ni kwenye kupima.

Chukua uchomaji wa gesi kwenye visima vya mafuta. Mafuta hayatoki ardhini peke yake, hupanda pamoja na gesi. Gesi hiyo ingeweza kurudishwa chini, au kusafishwa na kupelekwa kwa bomba hadi kwenye mitambo ya umeme. Lakini bomba lina gharama na faida ya haraka iko kwenye mafuta, basi gesi inapandishwa mnarani na kutiwa moto. Mnara huwaka usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Anayeishi jirani nao hapati giza la usiku. Mngurumo haukomi, na masizi humwangukia kwenye paa na kwenye maji ya mvua anayoyakinga. Upepo ukivuma kwa nguvu, au moto ukizimika, gesi hupita bila kuungua. Hiyo ni metani, ambayo katika miaka 20 ya kwanza hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule.

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 pekee zilichomwa hivyo mita za ujazo bilioni 148 za gesi. Urusi, Iran, Iraki na Marekani ni miongoni mwa wachomaji wakubwa, kwa hiyo asije mtu akasema hili ni tatizo la nchi zisizo na uwezo. Nigeria ilitunga sheria mwaka 1979 iliyotaka uchomaji huo ukome ifikapo mwaka 1984, ila ikaacha mlango wa vibali wazi. Minara ya Niger Delta inawaka mpaka leo.

Sasa ripoti huandikwaje? Serikali nyingi hazipimi kinachotoka kwenye minara, mabomba na migodi yao. Huchukua kiasi cha mafuta, gesi au makaa yaliyozalishwa, zikakizidisha kwa kiwango cha jumla kilichomo kwenye kitabu cha mwongozo, na jibu linalopatikana ndilo linaloletwa kwenu kama ukweli wa nchi. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kwamba metani inayotoka kwenye sekta ya nishati ilizidi kwa takriban asilimia 70 ile iliyoripotiwa na serikali. Asilimia 70, Mheshimiwa! Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa anayeficha ni mmoja na wanaoumbuka ni wengine, tena wa mbali.

Mafuta ya meli na ndege za safari za kimataifa yana nafasi yake kwenye majedwali yenu, lakini huandikwa pembeni kama kumbukumbu tu, bila kujumlishwa kwenye hesabu ya taifa lolote. Majeshi ndiyo kabisa: Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, iliyotangulia Makubaliano ya Paris, iliyaachia sehemu kubwa ya mafuta yao nje ya hesabu, na Makubaliano ya Paris yakaliacha suala hilo kuwa hiari. Nchi inaweza kurusha ndege za kivita mwaka mzima na hakuna wa kuidai takwimu.

Kisha kuna mafuta yanayouzwa nje. Norwei inasifiwa, na inastahili sifa, kwa kuwa mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Wakati huohuo inaendelea kuchimba mafuta na gesi na kuyauza ng'ambo, na moshi wake unaandikwa kwa jina la aliyenunua. Australia hufanya vivyo hivyo kwa makaa ya mawe. Kanuni zinaruhusu, najua. Ndiyo maana nazilalamikia kanuni.

Tabia hii haikuanzia kwenye gesi. Uingereza huhesabu plastiki ya vifungashio iliyosafirishwa nje kwa ajili ya kurejelezwa kuwa imesharejelezwa, hata kama hakuna aliyeona ilikoishia. Hilo si la ofisi yako. Nalitaja kwa sababu ni mchezo uleule wa kuvusha uchafu mpaka na kufuta jina.

Najua utasema kwamba sekretarieti ni mratibu tu na wenye maamuzi ni mataifa. Ni kweli. Lakini tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya kisheria, baada ya Vanuatu na nchi nyingine kulisukuma suala hilo hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwamba mataifa yana wajibu wa kuzuia madhara kwa mfumo wa tabianchi. Ilisema pia kwamba taifa linaloshindwa kuchukua hatua zifaazo, hata kwa kutoa vibali vya kutafuta mafuta au kuyapa ruzuku, linaweza kuwa linakiuka sheria ya kimataifa. Wajibu wa namna hiyo utadaiwaje bila hesabu kamili?

Ombi langu ni hili. Tathmini ya pili ya dunia, inayopima mataifa yamefika wapi katika kutimiza Makubaliano ya Paris, itakamilika mwaka 2028. Kabla ya hapo, kila ripoti ya muhtasari inayotoka Bonn, yaliko makao ya sekretarieti yako, iweke mbele ya wasomaji, taifa kwa taifa, kile kilichoripotiwa na kile kilichoonwa na satelaiti, maana minara hiyo huonekana vizuri sana usiku kutoka angani. Mafuta ya meli, ndege na majeshi, pamoja na yale yanayouzwa nje, yawekwe kwenye ukurasa huohuo, si kwenye viambatisho. Na kama kuna taifa litakalopinga, lipinge kwenye kikao cha wazi na jina lake liingie kwenye kumbukumbu, ili wananchi wake wajue la kuliuliza.

Wako kwa heshima,
Mwananchi anayesubiri jibu